Kabla hujabadilisha kebo: kuoanisha poti za swichi na kaunta za hitilafu kwa SNMP

SNMP ni itifaki ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali zao. Ukiendesha snmpwalk, amri ya kusoma jedwali zima kwa SNMP, juu ya ifInErrors, yaani kaunta ya pakiti zilizoingia na hitilafu kwenye kila poti, swichi itakumwagia mistari ya namna hii:

ifInErrors.10107 = Counter32: 48213

Wageni wa kazi hii hukimbilia kulia, kwenye 48213, kwa kuwa ndiyo inayotisha. Anza kushoto. Ukiikosea ile 10107 utaenda kuchomoa kebo ya mtu asiye na shida yoyote, na mwenye shida ataendelea kupiga simu.

Namba hiyo inaitwa ifIndex. Swichi hujipangia yenyewe, wala hailazimiki kuifananisha na namba iliyochapwa kwenye uso wake. Baadhi ya swichi za Cisco Catalyst huipa poti ya 7 namba 10107, na hapo mtu hudhani ameshajua siri. Kisha anakutana na swichi ya kampuni nyingine ambayo poti ya 7 ni 7 tu, au iliyoanza kwa kuhesabu VLAN (mitandao ya kimantiki ndani ya swichi). Kwa hiyo usikisie. Soma ifName, jina la poti, iliyopo kwenye OID (anwani ya SNMP) 1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.1, nayo itakuambia kuwa ifName.10107 ni Gi1/0/7. Mkia ule ule, 10107, ndio unaounganisha majedwali yote mawili: jina kutoka huku, hitilafu kutoka 1.3.6.1.2.1.2.2.1.14, ndiyo ifInErrors. Soma na ifAlias pia, maelezo ambayo msimamizi ameipa poti, ila yachukulie kama tetesi. Vifaa huhamishwa, na anayehamisha mara nyingi hakumbuki kurekebisha maelezo.

Kuna mtego mwingine. Ukitafuta anwani ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao ya kifaa) iko poti gani kupitia BRIDGE-MIB, majedwali ya SNMP yanayoitazama swichi kama daraja, jibu unalopata si ifIndex. Ni namba ya poti ya daraja, na inabidi uipitishe kwenye dot1dBasePortIfIndex (1.3.6.1.2.1.17.1.4.1.2) ndipo ufike kwenye ifIndex, halafu kwenye ifName. Ni hatua moja zaidi, na wanaoiruka hawajui kuwa wameiruka, kwa sababu kwenye swichi ndogo namba hizo mara nyingi hulingana.

Ukiandika skripti, hifadhi kumbukumbu zako kwa ifName, usihifadhi kwa ifIndex. RFC 2863, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2000, inadai ifIndex isibadilike kati ya kuwashwa kwa mfumo na kuwashwa tena. Baada ya hapo swichi iko huru kupanga upya, hasa ukiongeza kadi au swichi mpya kwenye rundo (stack), yaani swichi kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Cisco wana amri ya snmp-server ifindex persist ya kuzuia hilo, lakini hata ukiiweka, jenga ramani yako upya kila sysUpTime, saa inayohesabu muda tangu mfumo uanze, inapoonekana imerudi nyuma.

Sasa twende kulia. Ile 48213 peke yake haisemi kitu. Kaunta inasomwa kama mita ya umeme: unachotaka ni tofauti ya usomaji wa jana na wa leo. Hitilafu hizo zote huenda zilitokea siku fundi alipokuwa akichomeka na kuchomoa, miezi iliyopita. Soma, subiri dakika tano, soma tena, utoe. Ikiwa tofauti ni sifuri huku data inapita, iache poti hiyo ipumzike. Tofauti ikiwepo, ilinganishe na pakiti zilizoingia muda huo huo (ifHCInUcastPkts pamoja na zile za multicast, zinazotumwa kwa kundi, na broadcast, zinazotumwa kwa wote), maana hitilafu kumi ndani ya pakiti milioni si sawa na kumi ndani ya mia. Kaunta hizo za HC ni za biti 64, hivyo tumia SNMPv2c au v3. Toleo la kwanza haliwezi kuzibeba.

Na usishangae ukiandika clear counters kwenye swichi ya Cisco, skrini ikaonyesha sifuri, lakini SNMP ikang'ang'ania namba yake ya zamani. Amri hiyo haigusi kaunta za SNMP. Nimeona watu wakibishana saa nzima, mmoja akitazama skrini na mwenzake grafu, na wote wako sahihi.

Ukishapata poti inayoongeza hitilafu kweli, uliza ni za aina gani. ifInErrors ni kapu la jumla. Uchambuzi uko kwenye EtherLike-MIB, majedwali ya kaunta za Ethernet, kwa ifIndex ile ile. dot3StatsFCSErrors ikipanda, fremu zinafika zimeharibika (FCS ni namba ya ukaguzi mwishoni mwa fremu): shuku kebo, kiunganishi, moduli ya nyuzi, au kadi ya upande wa pili. dot3StatsLateCollisions ikipanda, mara nyingi upande mmoja umewekwa full duplex (kutuma na kupokea kwa wakati mmoja) na huu wako umeangukia half (kwa zamu). Ukienda upande wenye full utakuta FCS, kwa hiyo tazama ncha zote mbili kabla hujaagiza kebo. ifOutDiscards, pakiti zilizotupwa wakati wa kutoka, ni habari nyingine kabisa: pakiti zilikuwa nzima, ila kwa kawaida foleni ilijaa. Kebo mpya haitasaidia hapo.

Jambo la mwisho linahusu swichi za cut-through. Hizi huanza kupeleka fremu mbele kabla hazijaipokea yote, kwa hiyo fremu mbovu inaweza kupita swichi mbili tatu, kila moja ikiihesabu kwenye poti iliyoingilia. Utaona FCS kwenye kiungo ambacho kebo yake ni nzima kabisa. Hapo fuata nyayo kurudi nyuma: nenda kwenye swichi ya jirani, tafuta poti ambayo hitilafu zake za kuingia zinapanda kwa kasi inayokaribiana, uendelee hivyo mpaka ufike kwenye poti iliyounganishwa na kifaa cha mwisho, au kwenye kiungo ambacho swichi ya nyuma yake haina poti ya namna hiyo.