Umepata C kavu? Soma slipu yako somo kwa somo kabla hujachagua kozi

Kila mwaka matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, yakitoka simu yangu haipoi. Mtoto wa jirani yetu wa Langoni kwetu Amu (mji wa Lamu), mpwa wa rafiki yangu, vijana wa hapa Malindi ninaofanya nao kazi wananiletea wadogo zao, na swali ni lilelile, nimepata C, au C-, sasa niende wapi? Na wanauliza kwa ile sauti ya nyumba yenye msiba, ndio manake nimeona niandike haya yote pahali pamoja. Mi mwenyewe nilitoka na C kavu, C isiyo na jumlisha, na saa hii ni fundi umeme, nina diploma na baadae nikamalizia digrii, kwahivo ninayosema hapa njia yake nimeipita.

Kubwa kuliko yote ni hili. Toa macho kwenye ile gredi moja ya wastani, ishushe karatasi ya matokeo, ile slipu, mezani usome somo moja baada ya jengine. Watu wetu wakiona C wanafunga karatasi, wanaanza kusema mtoto hakupita, lakini vyuo havifungi hapo, vikishaona wastani wako umefika kiwango cha chini vinataka kujua Baiolojia umepata nini, Hisabati umepata nini, lugha umepata nini. Mimi wastani wangu ulikuwa C kwasababu Kiingereza nilipata D+ na Historia D+, zikanivuta. Lakini Fizikia nilikuwa na B- na Hisabati C+. Wazee nyumbani walitaka niende ualimu, ndio kazi waliyoijua yenye heshima na mshahara wa kila mwezi, na siwalaumu. Ila ukiweka pembeni ile C ukaangalia masomo yenyewe, yule kijana alikuwa mtu wa umeme, na diploma ya umeme wastani wanaoutaka ni C- kwenda juu, alafu wanaangalia Hisabati na Fizikia. Mimi hapo sikuwa mtu wa kubahatisha, nilikuwa juu ya wanachotaka.

Sasa viwango vyenyewe, kwa Kenya, mvijue kwa moyo. Digrii moja kwa moja kutoka sekondari ni C+ kwenda juu. Diploma kwenye vyuo vya ufundi, hivi wanavyoviita TVET, ni C- kwenda juu. Cheti cha ufundi, kraft, ni D kavu. Chini ya hapo kuna artisani, cheti cha fundi wa mikono, na haimfungii mlango mtu yeyote hata mwenye E. Kwenye mfumo mpya wa CDACC, baraza la mitihani ya ufundi, utaona wameandika Leveli 6, hiyo ndio diploma, Leveli 5 ni cheti, Leveli 4 artisani. Usiogope majina.

Na pointi pia uzijue, yani jumla ya pointi za masomo saba wanayohesabu, manake kuna watu wanalia bila kujua wamekosa kwa umbali gani. C+ inaanza pointi 46. C kavu ni 39 mpaka 45. C- ni 32 mpaka 38. Kwahivo mtu wa 45 na mtu wa 39 wote wameandikiwa C lakini hali zao si moja kabisa, na ushauri wao si mmoja. Alafu tangu mtihani wa 2023 hesabu yenyewe ilibadilika, wanachukua Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri kati ya Kiingereza na Kiswahili (au lugha ya ishara), na masomo mengine matano bora. Zamani Kiingereza na Kiswahili zote zilikuwa lazima zihesabiwe, na kwa sisi watoto wa Pwani ambao Kiswahili tunapata na Kiingereza kinatusumbua, hii imetusaidia sana wallahi. Lakini usisahau, gredi ya Kiingereza bado iko pale kwenye slipu, na kozi inayotaka Kiingereza itaiona.

Kurudia mtihani. Hapa huwa sina maneno mengi. Kama una 44 au 45 na moyo wako uko kwenye kozi ya digrii ambayo haina njia nyengine, rudia, jisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, na ujue lazima ukalie masomo saba upya ndio upate gredi mpya, huwezi kurudia Hisabati peke yake ukategemea wastani ubadilike. Kama una 36 na unataka kurudia kwasababu majirani watasema, nakuomba mdogo wangu usifanye hivo. Ule mwaka wa kurudia, ungeingia chuo ungekuwa ushamaliza theluthi ya diploma.

Unesi ndio unaovunja watoto wetu moyo zaidi, wasichana hasa, kwahivo niuelezee vizuri. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, diploma ya unesi wanataka C kavu, na ndani yake C ya Baiolojia, C ya Kiingereza au Kiswahili, na C- kwenye moja kati ya Kemia, Fizikia au Hisabati. Mpwa wangu alipata C-, na Baiolojia D. Mamake alikuwa tayari kuuza dhahabu yake ampeleke chuo cha watu binafsi kilichosema watamchukua hivohivo. Tukakaa nae chini, tukafungua slipu. Kiswahili B, Biashara B-, Jiografia C+. Nikamuuliza wewe unesi unaupendea nini, akasema nataka kazi ya kuhudumia watu na nisikae nyumbani. Akaingia diploma ya hoteli na upishi chuo cha serikali, kwa C- yake ileile, na Malindi na Watamu hoteli zipo, akafanya mafunzo ya kazini huko na wakambakisha. Sisemi kila mtoto wa Baiolojia D aende hoteli. Nasema yule mtoto karatasi yake ilikuwa inaonyesha anapoweza na hakuna aliyekuwa ameisoma. Na kwa mwenye C- lakini Baiolojia imesimama, KMTC wana kozi za cheti zinazoanzia C-, ukishamaliza unaweza kuendelea na diploma baadae.

Hivi vyuo vya watu binafsi vya juu ya duka, naomba mnisikilize. Kabla hujalipa hata shilingi uliza swali moja, nikimaliza mtihani wangu unatungwa na cheti kinatolewa na nani? Jibu liwe KNEC (baraza la mitihani la taifa), au CDACC, au NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) kwa majaribio ya ufundi, au baraza la taaluma linalojulikana. Ukiambiwa cheti ni cha chuo chenyewe tu, shukuru, toka. Alafu angalia jina la chuo kwenye orodha ya TVETA, ndio wanaotoa leseni kwa vyuo vya ufundi, na uangalie kozi yako pia maana chuo kinaweza kuwa na leseni na kozi unayouziwa haimo. Namjua mama aliyelipia mtoto wake miaka miwili, kwa pesa ya kuuza mahamri na maharagwe alfajiri, na ile karatasi aliyopewa mwisho hakuna ofisi iliyoikubali. Nikikumbuka hilo huwa naumia mpaka leo.

Njia salama ni potali ya KUCCPS, shirika la serikali linalopangia wanafunzi vyuo. Watu wanadhani KUCCPS ni ya waliopata C+ na digrii pekee, sivyo, diploma na vyeti vya TVET na KMTC vinaombwa hapohapo, na hata kama ulimaliza miaka ya nyuma unaomba. Ukienda saiba, duka la intaneti, kufanyiwa, paswadi andika wewe kwa mkono wako, na laini ya simu iwe yako. Nimeona mtu anachaguliwa kozi hajui imetoka wapi, kumbe yule kijana wa saiba alikuwa na haraka na foleni akabonyeza ya kwanza aliyoiona. Kaa pale, soma kila kozi, kila moja inaonyesha masomo inayotaka, linganisha na slipu yako kabla ya kutuma.

Pesa sasa. Kupata nafasi ni jambo moja na kupata ufadhili ni jengine, yani ukishaitwa chuo bado lazima uingie upande wa HEF, potali ya ufadhili wa masomo, uombe skolashipu na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) mwenyewe, hakuna atakayekuombea. Wengi wanasubiri nyumbani wakidhani vimekuja pamoja. Chini ya mfumo ulioanza 2023 ada ya TVET za serikali iliwekwa shilingi 67,189 kwa mwaka, serikali inabeba kiasi, mkopo kiasi, familia kiasi, kulingana na hali ya nyumbani. Na watu wa TVET wanapata HELB, wacheni kuambiana ni ya chuo kikuu tu. Kuna bursari ya kaunti na ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, juu yake. Vyote hivi vinataka makaratasi, na hapa sisi wa kaunti ya Lamu ndipo tunapokwama, Faza, Kizingitini, Kiunga huko, mtoto ana miaka kumi na tisa hana kitambulisho, cheti cha kuzaliwa kina jina lililoandikwa tofauti na la shuleni. Mzazi, mtoto akiwa fomu tatu anza kurekebisha hayo majina. Usingoje matokeo.

Je diploma inakufikisha digrii? Inafikisha, mimi imenifikisha, ila nikwambie ukweli wote. Vyuo vikuu vinamchukua mwenye diploma iliyofaulu vizuri, wanataka krediti au distinkshoni mara nyingi, na wakikubali masomo yako ya nyuma unaweza kuruka mwaka wa kwanza. Hailazimiki, kila chuo kina utaratibu wake, uliza kwa maandishi kabla. Na ile skolashipu ya serikali ya kupangiwa na KUCCPS ni ya mwenye C+ ya sekondari, kwahivo wewe unayetokea diploma jitayarishe kujilipia. Mimi nilifanya kazi kwanza, nikiweka soketi na paneli za sola kwenye majumba ya wageni, alafu nikasoma jioni na wikendi. HELB wana mkopo unaitwa Jielimishe kwa walioajiriwa, uulizieni. Kuna pia Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilipewa hati 2023, masomo yake ni ya onlaini, kwa mtu anayefanya kazi Amu na hawezi kuhama hiyo si njia ya kudharau.

Kwa wenye D na chini, sikuwasahau. Kozi za bahari ziangalieni, Bandari Maritime Academy kule Mombasa wana kozi fupi pia, zikiwemo zile za usalama wa STCW, viwango vya kimataifa vya mabaharia, ambazo bila hizo hupandi meli kufanya kazi. Bandari ya Lamu gati yake ya kwanza ilianza kazi Mei 2021, na hata kama kazi hazijaja kwa wingi tuliotarajia, zikija hazitamngoja mtu aende akasome kwanza. Na wale ambao tayari ni mafundi, mtu amechonga milango au ameunda majahazi Matondoni miaka na miaka na hana karatasi, kuna utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliojifunza kazini, serikali ilizindua sera yake 2024, unapimwa kwa kazi yako unapewa cheti. Majaribio ya NITA nayo yapo zamani, gredi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Huyo fundi akiwa na cheti anaweza kuomba tenda, na anaweza kuingia chuo kutokea hapo.

La mwisho ni la wazazi wa Amu wenye mabinti. Nasikia mara kwa mara, binti yangu siwezi kumpeleka Mombasa akae peke yake, alafu mtoto anakaa nyumbani mwaka, miwili, mpaka slipu inageuka rangi. Mamangu nakuelewa, na sitakwambia hofu yako haina maana. Lakini Lamu KMTC ipo, na Technical University of Mombasa wana kampasi Lamu kwetu, kwahivo anza na kozi zinazofundishwa huko, uone kama masomo ya binti yanafaa moja kati ya hizo. Kama hazifai na kozi yake iko Mombasa au Kilifi, mwambie aombe hosteli ya chuo siku ileile anayopata barua ya kuitwa, nafasi zinajaa mapema, au mtafutieni nyumba ya jamaa kabla ya kuripoti. Na nendeni nae siku ya kwanza, panda nae boti mpaka Mokowe upande wa bara, panda nae basi, ukaone chuo kwa macho yako, uongee na matroni, uchukue namba yake. Wengi niliowaona wamefanya hivo, ilipofika zamu ya binti wa pili hakuna aliyebishana tena.