Jibu: Asilimia mbili tofauti za waliopiga kura Likoni 2022

Salaam ndugu yangu. Wasema hesabu ya waliojitokeza kupiga kura Likoni, jimbo la Mombasa hapa Kenya, 2022 yakupa asilimia mbili tofauti. Kwanza tazama nambari ya fomu ya matokeo: 34 ni ya rais, 37 ya gavana. Rais tulimpigia Agosti 9. Kura ya gavana wa Mombasa iliahirishwa hadi Agosti 29 kwa kasoro za karatasi za kura. Siku mbili, mahudhurio mawili.

Kisha kwenye 34B, fomu ya matokeo ya rais ya jimbo zima, jumlisha kura halali na zilizokataliwa, ugawanye kwa waliosajiliwa. Wengi huziruka zilizokataliwa. Mimi hulinganisha mistari michache na 34A, fomu za kila kituo cha kura. Zile hujazwa kwa mkono, na 1 na 7 zachezea macho kwelikweli. Asilimia ikitoka ndogo usishtuke, kaunti yetu ya Mombasa haikufika hata nusu ya waliosajiliwa.