Maswali na Majibu: Kitovu cha usafiri cha Ipoh kiwe na ghorofa ngapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasomea mipango miji hapa Malaysia, jimbo la Perak. Kwa mradi wangu wa mwisho nimechora kitovu cha usafiri cha mji wa Ipoh chenye ghorofa tano: chini mabasi, katikati maduka, juu maegesho. Nimekiweka Bandar Meru Raya, karibu na stendi ya mabasi ya Amanjaya, kwa sababu ardhi ipo ya kutosha. Je, nitenge eneo kiasi gani, na maduka yawe mangapi ili jengo lijilipe?

JIBU: Marahaba. Umeanzia kwenye ghorofa, na huko ndiko linakoanzia karibu kila andiko ninaloletewa. Treni hukuitaja hata mara moja.

Stesheni ya Ipoh iko katikati ya mji, na treni za umeme za Kuala Lumpur zinasimama hapo. Amanjaya, iliyofunguliwa 2012, iko upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita kama kumi kwa barabara. Abiria akishuka kwenye treni na basi lake liko Meru Raya, bado ana safari nyingine ya kulipia. Ghorofa hata kumi hazimsaidii huyo. Ardhi kuwa kubwa ni sababu ya kuweka ghala. Kitovu huwekwa pale safari za watu zinapokutana tayari.

Kuhusu eneo, anza na hesabu hii. Mabasi 30 kwa saa, kila moja likisimama dakika 10, yanahitaji nafasi tano za kuegesha, na moja au mbili za akiba. Yaache yasimame nusu saa yakisubiri kujaza, utahitaji 15. Basi ni lile lile na abiria ni wale wale, ila ratiba haisimamiwi. Kwa hiyo kabla ya kuomba hekta zaidi, uliza nani ana mamlaka ya kuliondoa basi dakika zake zikiisha.

Sasa linaloniudhi. Watu wanaamini kwamba ukiweka vyombo vyote chini ya paa moja, umeshaunganisha usafiri. KL Sentral, stesheni kuu ya Kuala Lumpur, ilifunguliwa 2001. Reli ya juu ya njia moja (monorail) ilipoanza 2003, kituo chake kilikaa ng'ambo ya eneo la ujenzi, na kwa miaka mingi abiria walikokota masanduku nje, mvua za alasiri zikiwanyeshea. Njia nzuri ya kupita ndani ilipatikana 2014, duka kubwa la NU Sentral lilipofunguliwa, na mpaka leo unapita katikati ya maduka ili ubadili treni.

Terminal Bersepadu Selatan, stendi ya mabasi ya Kuala Lumpur iliyoanza 2011, husifiwa kwa ukumbi wake. Mimi naisifu kwa tiketi: dirisha lolote linakuuzia basi la kampuni yoyote, hivyo mpiga debe hana cha kukuvutia. Pia daraja la waenda kwa miguu linakufikisha kwenye treni. Mambo hayo mawili yangefanya kazi hata chini ya paa la bati.

Ugumu mwingine hauonekani kwenye mchoro. Mali za reli ziko chini ya shirika la serikali la Railway Assets Corporation, treni huendeshwa na KTMB, kampuni ya reli ya taifa, leseni za mabasi hutolewa na APAD, wakala wa usafiri wa umma wa nchi kavu, na mitaa ya mji ni ya halmashauri. Wasipokubaliana juu ya ratiba na juu ya nani anafagia na kuwasha taa kwenye kivuko baina ya stesheni na stendi, kila mmoja atatunza kipande chake na abiria atateseka katikati.

Washauri wa mfukoni hawagusi hayo kwa sababu hayapendezi kwenye picha. Wanauza jengo, wanaahidi kodi ya maduka italipa deni, kisha stendi inasogezwa nje ya mji ili maduka yapate watu. Maduka hayamsogezi abiria. Asipokuwa na basi la kumfikisha hapo kila dakika chache, atanunua pikipiki, na maduka nayo yatafungwa. Nimeona michoro ya namna hiyo ikipitishwa kwa makofi, bila mtu mmoja kwenye kikao kuuliza mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo mkononi atatembea hatua ngapi kutoka behewani hadi kwenye basi, na lifti ikiharibika atapita wapi. Mshauri akikuletea picha kabla ya jibu la swali hilo, mrudishe.