Maswali yenu: hivi nchi inapimwaje kama itahimili maafa?

Juzi niligusia zile namba wanazopewa nchi kuonyesha zinaweza kuhimili mafuriko, ukame na vimbunga kiasi gani, basi simu yangu haikulala. Nimechukua maswali matano.

Kaka, kuna sehemu nchi yenye namba kubwa inasifiwa, sehemu ingine namba kubwa ni balaa. Tushike lipi? (Mwanafunzi, Kaole)

Mdogo wangu, hivyo ni vipimo viwili tofauti. Kimoja ni ND-GAIN cha Chuo Kikuu cha Notre Dame kule Marekani, kinaangalia nchi ilivyo rahisi kudhurika na ilivyo tayari, kinaenda mpaka 100 na ukipata nyingi ndo umefaulu. Kingine ni INFORM, kinasimamiwa na kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, kinaanzia 0 mpaka 10, na huko 10 ndo msiba kwa sababu wao wanapima hatari pamoja na *kukosa* uwezo. Kabla hujabishana kijiweni, angalia umeshika karatasi ipi.

Wanapimaje huo uwezo, mbona sijaona mtu kuja kutuuliza? (Mama ntilie, Magomeni)

Hawaji dada. Wanaokota takwimu zilizopo tayari: wangapi wanajua kusoma, wangapi wana umeme, simu, choo, maji safi, madaktari wangapi kwa idadi ya watu, watoto wangapi wamechanjwa surua, rushwa ikoje. Unaweza kujiuliza surua na mafuriko wapi na wapi, lakini fikiria, kama chanjo inafika mpaka kijiji cha mwisho basi hata dawa ya kipindupindu itafika. Hapo sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu uko kwengine. INFORM imekuwa ikitumia na taarifa ambazo serikali zinajijazia zenyewe kuhusu maandalizi yao, yaani mwanafunzi anajisahihishia mtihani. Halafu ND-GAIN wanapima ubunifu wa nchi kwa kuhesabu maombi ya hataza, vile vyeti vya kulinda uvumbuzi. Sasa fundi majahazi wetu pale pwani, anayeunda chombo bila mchoro wowote na kikaenda Zanzibar na kurudi miaka nenda rudi, kwenye hesabu hiyo hayumo kabisa!

Kimbunga Hidaya kilivyopita tukasalimika, ule ulikuwa uwezo au bahati? (Mvuvi, Dunda)

Vyote, ila bahati ilibeba mzigo mzito zaidi. Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa walianza kutoa taarifa mapema, boti za abiria za Zanzibar zikasimama, wavuvi wakaambiwa msitoke, huo ni uwezo na tuwape haki yao. Tarehe 4 kimbunga kikafika Mafia kikaishiwa nguvu, hiyo sasa ni bahati. Lakini kusini mvua ikakata barabara ya Dar kwenda Lindi, watu wakakwama na mizigo ikakwama, na wote tunajua njia ya maana ya huko ni ile moja. Ukitaka kujua uwezo wa nchi usiangalie upepo ulivuma vipi, angalia siku ngapi zinapita kabla lori halijapita tena.

Na wewe mvuvi, yule anayekwambia huku kwetu vimbunga havifiki, mkumbushe Aprili 1872, kile kilichoivuruga Zanzibar na meli zake bandarini, Bagamoyo pia kilipiga.

Kwani si pesa tu? Tajiri anahimili, maskini anakufa. (Mwalimu, Nianjema)

Pesa inasaidia sana mwalimu, nisikudanganye, ila si yote. Ufaransa Agosti 2003 joto liliua watu kama 15,000, wengi wazee waliokuwa peke yao majumbani. Ujerumani Julai 2021 mafuriko yaliua zaidi ya 180, wengi bonde la Ahr, na tahadhari zilishatolewa, tatizo hazikugeuka kuwa mtu anayegonga mlango. Bangladesh mwaka 1970 kimbunga kimoja kiliua watu wasiopungua laki tatu. Mei 2020 kikaja Amphan, wakahamisha zaidi ya milioni mbili, waliokufa kwao walikuwa makumi tu. Hawajawa Ujerumani, wana majengo ya kukimbilia na maelfu ya watu wa kujitolea wanaopita na vipaza sauti na kupandisha bendera, kijiji kwa kijiji.

Sisi huku mtaani tukijipima tuanzie wapi? (Mjumbe, Mlingotini)

Shikamoo mzee wangu. Chukua nyumba zako kumi, uliza taarifa ya mwisho ya hali ya hewa ilimfikia nani na kama anajua rangi zake: njano angalizo, chungwa tahadhari, nyekundu tahadhari kubwa. Mimi nilijaribu mtaani kwetu, walionijibu sawasawa ni wawili, mwingine akadhani nyekundu na njano ni habari za mpira. Kisha uliza bibi asiyetembea atabebwa na nani, na mikoko iliyokatwa uiweke kwenye hesabu, maana ndiyo ilikuwa ikitukinga na mawimbi. Mwisho uliza funguo za shule anakaa nazo nani usiku maana huko ndo mtakimbilia. Kwetu anazo mlinzi, na mlinzi anaishi ng'ambo ya bonde, lile lile linalojaa maji kwanza.