Polaraiza ya tatu yarudisha mwanga

SWALI: Mwalimu, salamu. Mimi ni fundi wa simu hapa Kondele, Kisumu. Kwenye skrini zilizopasuka huwa nabandua polaraiza, ile karatasi nyembamba ya kijivu. Nikipandanisha mbili na kugeuza moja robo mzunguko, giza totoro. Juzi nikachomeka ya tatu katikati, imekaa mshazari, mwanga ukarudi! Karatasi ya kuzuia mwanga inaurudishaje?

JIBU: Fundi, nimefundisha fizikia miaka mingi bila kipande kimoja cha karatasi hizo maabara, kumbe zinatupwa Kondele! Niwekee chache.

Sasa shika kalamu. Mwanga ukivuka polaraiza ya kwanza hubaki ukitikisika upande mmoja tu, tuseme wa ulalo. Mwaka 1941 Mmarekani R. Clark Jones alionyesha namna ya kuuandika kama vekta ya namba mbili, ulalo kwanza, kisha wima: (1, 0). Kila unachoupitishia ni matriksi, yaani jedwali la namba la mbili kwa mbili, linalozidishwa na vekta hiyo. Polaraiza ya wima hufuta ulalo na kuacha wima. Wima wako ni sifuri, basi hakibaki kitu. Ndilo giza lako hilo.

Ile ya mshazari, nyuzi 45, matriksi yake ni nusu tupu: mbili juu, mbili chini. Izidishe na (1, 0), utapata (½, ½). Umeona? Wima uliokuwa sifuri sasa ni nusu. Karatasi haikuongeza mwanga, tena imeupunguza. Ila uliobaki umeelekea mshazari, na ndani ya mshazari mna wima. Ya mwisho ikifuta ulalo, unabaki na (0, ½). Ung'avu ni mraba wa namba hiyo: robo ya mwanga uliotoka karatasi ya kwanza.

Hebu itoe hiyo ya katikati uiweke nyuma ya zote mbili. Giza litarudi. Matriksi hazizidishwi kama bei ya omena. Ukibadilisha mpangilio, jibu nalo linabadilika.

Ila jua la Kisumu halitoshei kwenye vekta ya Jones, maana linatikisika pande zote ovyo. Hapo tunamwendea mwanafizikia George Stokes, aliyeuelezea mwanga kwa namba nne mwaka 1852, pamoja na matriksi za nne kwa nne za Hans Mueller. Karatasi ya kwanza hula nusu ya jua, kwa hiyo baada ya zote tatu hutoka thumni, moja ya nane. Zako zenye mikwaruzo na gundi zitatoa pungufu.