Maswali ya Wasomaji: Deni la Zamani na Vijana Wanaobisha Hodi

SWALI: Mhariri, mimi ni mama ninayeuza dagaa na sangara Mwaloni, Kirumba. Mwaka 2015 nilichukua jokofu katika duka moja hapa mjini Mwanza kwa makubaliano ya kulipa kidogo kidogo hadi Desemba 2016. Jumla ilikuwa Sh 1,200,000. Nililipa Sh 500,000, na mara ya mwisho kutoa fedha ilikuwa Aprili 2017, kisha mume wangu akaugua na biashara ikayumba. Miezi hii wamekuja vijana wawili wakisema wamelinunua deni lile na kwamba sasa limefika Sh 2,900,000. Wanawapigia simu mashemeji zangu na wanatishia kuja na polisi wabebe vitu. Juzi walibadilisha sauti, wakaniambia nitoe angalau Sh 20,000 na kusaini karatasi "kuonyesha nia njema". Mtandaoni nimesikia kwamba deni likifikisha miaka 7 hufa. Je, nisaini?

JIBU: Mama, usisaini, na usitoe hiyo Sh 20,000 kabla hujamaliza kusoma majibu haya. Katika barua yako yote, sentensi iliyonitia hofu zaidi ni hiyo ya nia njema.

Nchini kwetu muda wa kufungua mashauri unapangwa na Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kwa deni linalotokana na mkataba, kama lako, anayedai ana miaka 6 ya kwenda mahakamani tangu siku ambayo haki yake ya kudai ilianza. Hiyo miaka 7 uliyoisikia ni ya Marekani, nako haihusu kushtakiwa: ni muda ambao deni lisilolipwa huruhusiwa kuonekana katika taarifa ya mkopaji, wakati muda wa kushtaki hutofautiana kutoka jimbo moja hadi jingine. Tena katika majimbo mengi ya huko mdaiwa asipojitetea kwa hoja ya ukomo anaweza kushindwa kesi, ilhali kifungu cha 3 cha sheria yetu kinaitaka mahakama iitupilie mbali kesi iliyochelewa, hata kama mdaiwa mwenyewe hakuutaja ukomo. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu watu wengi huogopa wito wa mahakama wakakaa nyumbani. Wito ukija, nenda, ukiwa na stakabadhi zako.

Sasa tuzitazame tarehe. Mkataba ulitaka umalize Desemba 2016, lakini ulilipa sehemu Aprili 2017, na sheria inasema kwamba mdaiwa akilipa sehemu ya deni, au akilikiri kwa maandishi yenye saini yake, muda huanza kuhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Kwa hiyo miaka 6 yako inaanzia Aprili 2017 na kuishia Aprili 2023. Ikiwa tangu wakati huo hukulipa chochote wala kuandika popote kwamba unadaiwa, mlango wa mahakama umefungwa kwa deni hilo. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini watu wanaodai karibu milioni 3 wanaridhika ghafla na Sh 20,000 na saini: wanatafuta tarehe mpya. Usiwape hata nafasi ya kubishana mbele ya hakimu kwamba umelifufua deni. Uwe mwangalifu pia na ujumbe wa simu, kwa maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hiyo kupokewa mahakamani.

Sisemi kwamba deni limefutika. Kilichokwisha ni nguvu ya kukulazimisha kupitia mahakama, na ukitaka kwa hiari yako kumalizana na mwenye duka, hilo ni lako na ninaliheshimu. Lakini malizana na mtu anayestahili kulipwa. Waambie vijana hao wakuletee nakala ya mkataba wako, hati inayoonyesha kwamba duka liliwahamishia deni, na mchanganuo wa jinsi Sh 700,000 zilizobaki zilivyogeuka Sh 2,900,000. Mazungumzo yafanyike mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kuhusu polisi, deni la kawaida ni madai, si jinai, na kituo cha polisi si mahali pa kulikusanyia. Vitu vyako havibebwi kwa maneno ya mtu mlangoni. Hukamatwa na dalali wa mahakama mwenye hati ya mahakama. Iwapo mkataba uliweka jokofu hilo au mali nyingine kuwa dhamana, mpelekee msaidizi wa kisheria ausome kwanza, kwa sababu dhamana ina masharti yake.

SWALI: Nipo Musoma. Nilikopa Sh 80,000 kupitia programu ya simu, nikachelewa wiki mbili. Wakawatumia watu wote walio kwenye simu yangu ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Nifanye nini?

JIBU: Deni lako ni bichi, kwa hiyo ukomo haukusaidii, lipa kiasi halali na utunze uthibitisho. Lakini kukuaibisha kwa ndugu na majirani si njia ya kudai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, hivyo piga picha jumbe zote kabla hazijafutwa. Angalia pia kama mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kibali, na malalamiko unaweza kuyafikisha katika tawi lake la Mwanza.

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, Nansio, Ukerewe. Mahakama ya Wilaya ilinihukumu mwaka 2016 nilipe deni. Miaka 6 imepita, je, nimepona?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Deni likishakuwa hukumu, aliyeshinda ana miaka 12 ya kuomba kuikazia, kwa hiyo yako inafika mwaka 2028. Nenda mwenyewe mahakamani uombe kulipa kwa awamu kabla dalali hajatumwa. Hata akitumwa, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inavilinda vitanda, vyombo vya kupikia, nguo za lazima na zana za fundi. Cherehani unayoshonea mwambie mapema kwamba ni zana yako ya kazi.