Mafao ni yao, ila zahanati je?

Swali lenu la wiki linauliza kama ni sawa wazee wastaafu kutumia mwaka mzima na sehemu ya mafao yao kujitolea misheni na kutembea huku na huko, badala ya kutulia nyumbani na wajukuu. Limenigusa kwa sababu hao ni wazazi wangu kabisa. Mama alikuwa mkunga, baba mwalimu wa hesabu sekondari, na ilikuwa kabla ya haya mambo ya kikokotoo, ile kanuni mpya ya kukokotoa mafao.

Jibu la haraka: waacheni waende. Mtu kafanya kazi ya serikali tangu ujana, kasomesha wadogo zake na watoto wa wadogo zake, halafu siku mafao yanaingia ndo ukoo mzima unagundua una shida. Kwetu kilikaliwa kikao. Baba mdogo akasema hela ile ijenge fremu za kupangisha, shangazi akauliza nani atalea wajukuu bibi yao akiwa ziwani. Baba akawaambia fremu jengeni nyie, kesho yake wakapanda basi la Sumbawanga. Mpaka leo namuunga mkono.

Walifikia misheni moja kandokando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Rukwa, yenye zahanati na shule. Leseni ya mama ilikuwa bado hai kwa hiyo akapewa chumba cha kujifungulia, baba akapewa hesabu za kidato cha tatu na cha nne. Mwaka ukaisha, wakasema sasa zamu ya kutembea: meli ya Liemba mpaka Mpulungu, Zambia, wakaone maporomoko ya Kalambo yanayoshuka zaidi ya mita 200, halafu Kasama wapande treni ya TAZARA warudi nayo Dar. Nikaomba likizo nikawafuata tusafiri wote.

Usiku ule wa kuondoka ndo umenifanya niandike. Liemba ilikuwa bado inafanya safari, ile meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini Kigoma 1915, wakaizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiopoa ikarudi kazini 1927. Wanaoijua wanajua, vijiji vingi havikuwa na gati, ilikuwa inasimama huko ndani inapiga honi na nyie mnaifuata kwa boti. Tulisubiri toka jioni. Honi ilipolia usiku mkubwa boti zote zikawasha injini kwa mpigo, zikawa zinagombania mlango wa ubavuni, magunia ya dagaa yanapita juu ya vichwa, mtoto anapokezanwa mkono kwa mkono, taa za meli zinakupiga machoni huoni unakanyaga wapi. Wimbi likiinua boti unakuwa sawa na mlango, likishuka unatazamana na chuma kitupu, kwa hiyo baharia akisema "sasa!" unaruka hapohapo. Baba akaruka, akapokelewa. Mama akakaza kanga kiunoni, akashika mkono wa baharia, na hapo binti mmoja aliyekuja kumsindikiza, mimba kubwa kabisa, akamshika ncha ya kanga akamuuliza, "Bibi, sasa mimi nitazalia kwa nani?"

Mama hakujibu. Wimbi likapanda, akavutwa ndani, tukaondoka. Alikaa juu ya magunia mpaka kunakucha anataja mmoja mmoja wale waliokaribia siku zao, nani ana presha, nani alijifungua kwa operesheni mara ya mwisho. Kalambo aliitazama akasema nzuri, basi. Kwenye TAZARA tunakatiza hifadhini baba anaonyesha twiga dirishani, yeye ameshika simu anatafuta mtandao apige misheni. Binti alijifungua salama, lakini ilibidi akimbizwe kwa boti mpaka kituo kingine maana zahanati haikuwa tena na mkunga.

Sasa nyie mmeuliza kuhusu wazee na wajukuu, hamjauliza kuhusu wanaofuatwa huko. Ukanda huohuo, Karema, aliishi Adriano Atiman, mtoto wa Mali aliyeuzwa utumwani, Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, wakamkomboa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889 na akatibu watu wa pale mpaka alipofariki 1956. Sisemi kila mstaafu awe Atiman, uzee ni uzee na magoti yanauma. Lakini mjamzito akishazoea kwamba kuna bibi wa kumkimbilia usiku, mwaka mmoja ni mfupi mno, na ninavyozidi kuandika naona hata kusema "mfupi" nawapunguzia makali. Na simlaumu mama peke yake, misheni ilijua tangu mwanzo ataondoka lini na haikutafuta mtu.

Kwa hiyo kura yangu inagawanyika. Kutembea ndiyo, watumie mafao yao bila kuomba ruhusa ya kikao. Kufundisha mwaka mmoja pia sawa, kidato cha nne wakimaliza mtihani mwalimu anaaga hamna aliyeachwa njiani. Ila kwa mkunga au daktari mwaka mmoja nasema hapana, labda kama kuna kijana wa palepale anayefundishwa ili abaki, au wastaafu wenzake wanapokezana. Mama amenipinga, anasema wanawake aliowazalisha mwaka ule wasingeweza kusubiri hiyo mipango yangu ikamilike, na kwa hilo sijapata cha kumjibu.